Kifurushi cha Mashine Zote

Tulimzika Bibi Mwalimu Alhamisi, kwenye kibanja chake pale Rubwera, kati ya migomba aliyoipanda kwa mkono wake. Mvua ilitusubiri kwa adabu mpaka koleo la mwisho la udongo, ndipo ikashuka. Nilikuwa nyuma ya nyumba nanawa tope miguuni wakati mwanamume mmoja mwenye kipara na miwani aliponisogelea na kata ya maji, akanimiminia taratibu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Jenesta, bado unaandika 'zote'?" Nikacheka, msibani, mbele ya kina mama waliokuwa wanamenya ndizi, nikaona wananiangalia. Halafu nikalia, mara ya kwanza tangu nipigiwe simu Mwanza. Alikuwa Anatory. Miaka kumi na saba ilikuwa imepita tangu tukae chumba kimoja tukigombania kiti kimoja chenye mgongo, naye alikuwa amesafiri kutoka Muleba na nywele zake zote zikabaki njiani. Tulisimama pale tukishikana mikono kama watoto. Hakuna mtu mwingine msibani aliyejua kwamba neno lile moja, zote, ndilo lililonifundisha kazi ninayoifanya hadi leo, na kwamba almanusura limnyang'anye marehemu kitu pekee alichowahi kutuomba.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na cheti cha kompyuta ndani ya bahasha ya kaki nisichojua nikipeleke wapi. Rubwera haikuwa na ofisi za wilaya wakati huo. Kyerwa yote ilikuwa bado sehemu ya Karagwe, na ukisema unafanya kazi ya kompyuta Rubwera watu walikuuliza kama ni ya kuchapa barua. Shirika moja dogo, ambalo siku hizi halipo, lilikuwa limegawa kompyuta za mezani kwenye shule kadhaa za msingi, na shuleni zilikaa zimefunikwa vitambaa vya kufumwa kama redio za harusini. Bibi Mwalimu Paskazia, mstaafu aliyefundisha darasa la kwanza Songambele miaka thelathini, akawaandikia barua. Alisema nipeni vijana wawili wanaojua hizo mashine, mimi nitawapa chumba na chakula, na watatengeneza kitu cha kuwafaa watoto. Tukaletwa wawili: Anatory na mimi.

Siku niliyofika alinikuta mlangoni na begi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza, "Umekula?" Nami, kama binti yeyote aliyelelewa vizuri huku kwetu, nikajibu, "Nimeshiba, Bibi, asante." Uongo mtupu. Nilitoka Igurwa alfajiri na sikuwa nimetia kitu mdomoni zaidi ya punje za kahawa nilizotafuna njiani. Lakini huku mgeni haingii tu kwenye chakula. Hukataa, akabembelezwa, akakataa tena kwa sauti ndogo zaidi, ndipo akasogea. Bibi Mwalimu hakunibembeleza. Alikaa, akafunua sufuria ya ndizi zilizopikwa na maharage, akaanza kula polepole huku akinitazama. Tumbo langu likanguruma mpaka paka akageuka. "Darasa la kwanza nimelijua," akasema. "Mtoto anatoka nyumbani na Kinyambo chake, Kiswahili hakijui. Ukimuuliza umeelewa, ndiyo mwalimu. Una njaa, ndiyo mwalimu. Umekufa? Ndiyo mwalimu! Anakaa kimya mwaka mzima na ndiyo yake, halafu wanasema ni mjinga. Mimi hizo ndiyo zimenichosha. Nakuuliza tena: umekula?" Nikasema, "Bado, Bibi." Akanisukumia sufuria nzima. Nilikula nikiona haya, na nilikula nyingi.

Hiyo ndiyo programu aliyoitaka. Picha ya kuku inatokea kwenye kioo, sauti inasema enkoko kwa Kinyambo, kisha kuku kwa Kiswahili, kisha programu inanyamaza na kumngoja mtoto aseme na abonyeze. Isimharakishe. Asipojua, imwambie tena. "Isichoke," alisema, "mimi nilikuwa nachoka." Sauti ingekuwa yake mwenyewe. Tulirekodi kwenye stoo ya kahawa, chumba cha udongo kisicho na dirisha, tukatundika mablanketi ukutani ili mwangwi usiingie, na hadi leo nikinusa kahawa kavu ya maganda huwa nasikia mtu anakohoa kidogo ili kusafisha koo. Shida yake ilikuwa moja: hakuweza kusema neno likabaki neno. Atasema ente, ng'ombe, kisha ataendelea, "huyu wa Ma Domitila jana amekula mahindi yangu yote, na ukimwambia anasema ni ng'ombe wa nani." Au mtu akipita mlangoni atamsemesha hapohapo. Likizo ya mwezi wa sita mjukuu wake Koku, mtoto wa binti yake aliyeolewa Songambele, alikuwepo, miaka saba, miguu haikai chini, akawa anaingia katikati ya kila neno. Anatory alikata vipande hivyo vyote kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Mimi sikuweza kuvifuta. Nilivitia kwenye folda nikaiita Makapi, nikaificha ndani ya folda nyingine ili asinicheke.

Nyumba ile kuta zake za ndani hazikufika juu. Paa lilikuwa moja kwa vyumba vyote, na maneno yalipita hapo juu. Kwa njia hiyo nilijua mambo mengi ya Rubwera yasiyonihusu, na moja lililonihusu. Ilikuwa mwezi wa kumi, mchana wa mvua, nimelala na homa kidogo, na Bibi Mwalimu alikuwa sebuleni na Ma Domitila, jirani yake, mjane mwenye mashine ya kusaga. Walikuwa wanakunywa chai. Nikasikia Ma Domitila anauliza, "Na huko Mwanza wamekwambiaje?" Bibi Mwalimu akajibu, "Nasafiri tarehe ishirini na nne mwezi ujao, wanakata Jumatatu yake. Uvimbe wanautoa, lakini na kisanduku cha sauti huenda kikaondoka nao. Daktari ni kijana mwema, hakunificha." Ma Domitila akasema maneno ya Kinyambo ambayo watu husema wakati hakuna la kusema. Bibi Mwalimu akaendelea, "Usiwaambie wale watoto. Watafanya kazi kwa kulia. Mimi nataka kitu kimoja tu, nikae Songambele kwenye darasa langu, nisikie mtoto mmoja akiijibu ile sauti kabla haijaondoka. Basi. Nikirudi bubu, nirudi bubu." Nilijifunika blanketi hadi kichwani. Kukohoa kwake kule, tulikokuwa tunakukata kila siku na kukutupa, kumbe ndiko kulikuwa habari yenyewe. Sikumwambia kama nilisikia. Nilimpenda yule mama kwa namna ambayo sikuwa nimeipanga, na nikaamua kwamba kazi itaisha kabla ya tarehe ishirini na nne, iwe mvua iwe jua.

Hapa inabidi nieleze kosa langu. Kompyuta za mezani ukizitazama kwa nje ni mapacha, lakini ndani kila moja ina prosesa, na prosesa ndiyo inayotenda kazi. Wakati ule zilikuwa zimechanganyika: za zamani za biti 32 na mpya za biti 64. Mpya ukiiandaa inaweza kuendesha kilichojengwa kwa ajili ya ya zamani. Ya zamani haiwezi kuendesha kilichojengwa kwa ajili ya mpya, hata uiombe vipi. Ni kama kumpa bibi asiye na meno mahindi ya kuchoma. Anayetengeneza programu humalizia kwa kuifunga kifurushi, na juu ya kifurushi huandika maelezo, na kwenye maelezo kuna mstari mmoja wa kutaja kimejengwa kwa prosesa ya namna gani. Kompyuta huusoma mstari huo kwanza kabla ya kukipokea. Kama kifurushi kina picha na sauti tupu, ambavyo havibagui prosesa, unaruhusiwa kuandika neno moja linalomaanisha zote. Chetu hakikuwa hivyo. Ndani yake kilikuwa na injini aliyoiandika Anatory, ile inayoonyesha picha, kucheza sauti na kungoja, nayo ilijengwa kwenye mashine yetu mpya ya stoo, kwa ajili ya biti 64 pekee.

Wiki ya kufunga kifurushi Anatory alikuwa Muleba kwenye arusi ya dada yake. Nilikifunga mwenyewe, nikakijaribu kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa pembeni ya stoo, ya namna ileile waliyopewa Songambele. Ikakikataa. Ikaandika kwa ufupi kwamba kifurushi hiki hakikutengenezwa kwa prosesa yake. Nikaona haya kwa niaba ya mashine, na hilo nalisema nikijua linachekesha. Nikamwona akilini mwalimu mkuu wa Songambele amevaa koti, wageni wamekaa, na kompyuta yake inaandika mbele ya watu kwamba yeye hafai. Huku kwetu humpimi mgeni mlangoni. Unapika, atakayekuja atakula. Basi nikafungua maelezo, nikafuta namna ya prosesa, nikaandika zote. Nikajaribu tena, na kompyuta ya zamani ikakipokea bila neno, kifurushi kikaingia mpaka mwisho. Nilikuwa nanyoosha mkono niifungue programu yenyewe niione, mashine ya Ma Domitila ikazimwa. Umeme wetu ulitoka kwenye dinamo aliyoifunga kwa mkanda kwenye injini yake ya kusagia: watu wakileta mahindi, tunafanya kazi, wakimaliza, tumemaliza. Nilikuwa na dalili zote za mtu anayejua kuwa amefanya vibaya, maana nilifurahi umeme ulipokatika. Nikaandika kwenye daftari: Imekubali. Anatory aliporudi akaniuliza kama nimejaribu kwenye ya zamani, nikasema ndiyo.

Jumatano ya tarehe ishirini na moja, mwezi wa kumi na moja, tulikwenda Songambele. Senene, wale panzi wa kuliwa, walikuwa wameanza, watoto wamefunga viunoni chupa za kuwatia, na darasa la kwanza lilinuka chaki na nguo mbichi. Bibi Mwalimu alivaa kitenge chake cha Pasaka, akakalishwa mbele kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Koku alikaa dawati la kwanza na shingo ndefu kama amemeza fimbo, maana bibi ni wake. Jenereta ya shule ikawashwa. Kompyuta nane zikaamka, na moja baada ya nyingine zikakipokea kifurushi changu bila kulalamika. Watu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akasema maneno mazuri. Kisha nikabonyeza ile picha ya kuku ya kufungulia programu kwenye mashine iliyokuwa mbele ya Koku, na programu haikufunguka. Nikabonyeza tena. Nikaenda ya pili, ya tatu, nikaishia hapo. Kwenye zote tatu kilitokea kidirisha kidogo kinachosema programu haiwezi kuendeshwa, kikapotea. Ilikuwa kama tumewakaribisha wote, tumewanawisha mikono, na jikoni hamna chungu.

Hiyo ilikuwa aibu, lakini kilichonivunja ni kilichofuata. Mwalimu mkuu akasogea akaniinamia, akasema kwa upole, "Mashine zetu hizi zimezeeka, binti yangu. Mtusamehe. Kosa ni letu." Anatory alinitazama, akiwa ameshaelewa kila kitu, yeye huelewa haraka. Bibi Mwalimu alinitazama. Nikafungua mdomo niseme ukweli, na kilichotoka ni, "Ndiyo, mwalimu." Tukarudi Rubwera kwa bodaboda mbili kwenye mvua. Bibi Mwalimu alikuwa nyuma ya ile ya mbele, ameshika kitenge chake kisiguse tope, na njia nzima hakugeuka.

Mezani siku hiyo palikuwa na ndizi, na senene waliokaangwa ambao Ma Domitila alituletea ili kutupongeza. Hakuna aliyekula. Bibi Mwalimu akauliza kwa mazoea, "Jenesta, mbona huli? Umeshiba?" Nikasema, "Sijashiba, Bibi. Nimedanganya." Nikamweleza yote: mashine ilikataa, mimi nikaifumba mdomo, nikaandika zote nikijua siyo zote, nikamwachia mwalimu mkuu kosa langu alibebe mbele ya watoto wake. Nilisema nililotaka ni kumfichia aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua senene mmoja, akamtafuna. "Aibu ya mlangoni ni ndogo, mwanangu," akasema. "Mtu akikwambia leo sijapika, unakwenda kwingine unakula. Aliyekukalisha ndiye anayekulaza njaa." Kisha nikaona anatafuta neno, yeye ambaye maneno yalikuwa hayamwishi. "Na mimi kuna jambo nimewakalisha nalo," akaanza. Nikasema, "Najua, Bibi. Nilisikia. Tangu mwezi wa kumi." Anatory, ambaye hakujua lolote, alitazama mmoja wetu kisha mwingine. Akaambiwa. Akainuka, akatoka nje, akakaa huko kwa muda, aliporudi macho yalikuwa mekundu na alikuwa na swali moja: "Basi la Mwanza linaondoka Kayanga lini?" Jumamosi, akasema Bibi Mwalimu. "Basi tuna kesho," akasema Anatory, "na keshokutwa tunakwenda Songambele tena."

Tungeweza kuijenga injini ya biti 32 kwenye mashine yetu mpya, lakini zilihitajika maktaba za sauti za prosesa ya zamani, yaani vipande vya programu vinavyocheza sauti, na kwa modemu yetu ya simu zingefika baada ya Krismasi. Anatory akasema, "Tuijenge palepale itakapoishi." Yaani tuchukue ile kompyuta ya zamani ya pembeni, tuipe msimbo wetu, yale maandishi ya programu kabla haijajengwa, na msimbo wa ile maktaba ya sauti tuliokuwa nao kwenye diski, nayo ijijengee kila kitu yenyewe, kwa kasi yake. Akapiga hesabu: saa saba, huenda nane. Na umeme usikatike, kwa sababu ile mashine ilikuwa na ugonjwa, ikizimika ghafla iliharibu faili ililokuwa inaandika, na ungelazimika kuanza mwanzo. Mashine ya kusaga kwa kawaida ilifanya kazi saa mbili kwa siku, tatu siku ya soko. Bibi Mwalimu akajifunga khanga akaenda kwa Ma Domitila. Alichosema huko sikukisikia. Safari hii ukuta ulikuwa mbali. Lakini Alhamisi asubuhi, saa moja na nusu, nikasikia injini inaguruma, nikatoka nje, nikaona foleni.

Watu walileta mahindi, muhogo mkavu, ulezi. Walileta kidogo kidogo. Mama mmoja alileta bakuli moja la mtama, akasagiwa, akaenda nyumbani akarudi na bakuli la pili. Nusu yao walikuwa wamepita mikononi mwa Bibi Mwalimu darasa la kwanza, na walikuwa wameambiwa jambo moja tu, kwamba injini isilale mpaka mashine ya Bibi Mwalimu imalize. Ma Domitila alisimama mlangoni, mweupe kwa unga kama aliyefufuka, anawapigia kelele, "Taratibu! Mnakimbilia wapi? Mimina kwa kikombe!" Mahindi yalipokaribia kwisha wakasaga unga uliokwisha kusagwa. Ndani ya stoo mistari ilipanda kwenye kioo, polepole, na Bibi Mwalimu aliingia kila baada ya muda, akaweka mkono juu ya kasha la kompyuta kama anayepima homa. "Imefika wapi?" "Nusu, Bibi." "Ipeni muda. Ni mzee mwenzangu." Saa tisa na dakika chache mistari ikasimama. Anatory akanisogezea kiti chenye mgongo, akasema, "Malizia wewe." Nikakifunga kifurushi kipya. Kwenye ule mstari nikaandika prosesa za zamani, biti 32, basi. Nikakiingiza, nikafungua programu, na nikangoja. Kuku akatokea. "Enkoko," ikasema sauti ya Bibi Mwalimu ndani ya kompyuta, na Bibi Mwalimu nyuma yangu akasema, "Loo." Nje Ma Domitila akazima injini, na watu wakapiga vigelegele kwa kitu ambacho wengi wao hawakuwa wamekiona.

Ijumaa Songambele nilianza na mwalimu mkuu. Nilimwambia mbele ya darasa kwamba kosa halikuwa la mashine zake; lilikuwa langu, niliwapa kisichowafaa nikasema kinawafaa. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Kisha, kabla ya kugusa chochote, nikapita kwenye kila kompyuta nikaiuliza kwa amri fupi ni ya namna gani. Saba zilikuwa za zamani, na moja, ile ya kona, ilikuwa ya biti 64. Bila kuiuliza tungeidhani nayo ni ya zamani, kwa sababu kasha lake ndilo lililochakaa kuliko yote. Hiyo nikaipa kifurushi cha kwanza, nikiwa nimerekebisha ule mstari, na saba nikazipa cha pili. Koku akakaa. Kuku akatokea kwenye kioo. "Enkoko," ikasema sauti. "Kuku." Ikangoja. Koku akageuka akamtazama bibi yake kwenye kiti, akaitazama kompyuta, akamtazama tena, hajui amjibu yupi. Bibi Mwalimu akanyoosha kidevu kuelekea kwenye kioo. "Kuku!" akapaza Koku, na picha ikacheza, na darasa zima likalipuka kwa majina ya vitu. Kuna kijana mmoja, mdogo kuliko wenzake, ambaye mwalimu wake alisema hajawahi kumsikia sauti tangu Januari, alisema ng'ombe. Alilisema mara nne. Bibi Mwalimu alilia bila kujificha, akajifuta kwa pindo la kitenge cha Pasaka, na alipoondoka alimwambia kila mtoto kwaheri kwa jina.

Alirudi kutoka Mwanza mwezi wa kwanza bila sauti. Aliishi miaka kumi na saba zaidi kwa kuandika kwenye kibao cha chaki na kwa mikono, na kwa macho ambayo hayakuhitaji tafsiri. Mimi niliondoka mwaka ule ulipoisha. Kazi yangu leo ni hiyohiyo ya vifurushi, na vijana ninaowafundisha hunicheka kwamba siamini kifurushi mpaka nimekiona kikifunguka kwenye mashine ya kila namna iliyotajwa. Siwaambii kwa nini. Nimechelewa kuandika haya, na ningependa angeyasoma.

Jana, siku ya tatu ya msiba, Koku alinijia. Ana miaka ishirini na minne, naye anafundisha darasa la kwanza, Songambele. Kompyuta zile zimekufa moja baada ya nyingine, akasema, na laptopu aliyonunua inakikataa kifurushi cha zamani. Nikaitazama: prosesa ya namna nyingine kabisa, ambayo mwaka ule hatukuwa hata tumeisikia. Tulikaa kwenye ile stoo, Anatory, Koku na mimi. Siku hizi ina dirisha. Msimbo nilikuwa nao, maana nimeuhamisha diski hadi diski miaka yote. Ujenzi ulichukua dakika mbili, na Anatory alisikitika kwamba hatukupata hata nafasi ya kusaga bakuli la mtama. Kwenye mstari wa prosesa nikaandika ile moja niliyokuwa naiona mbele yangu. Tukafungua. Kuku akatokea, sauti ikasema, na Koku akatabasamu kwa sauti anayoijua vizuri, ya maneno mojamoja, maana zaidi ya hayo haikumbuki. Alikuwa mdogo mno.

Ndipo nikamfungulia Makapi. Sikuwa nimeifungua tangu mwaka ule, niliogopa. Nikachagua faili la mwezi wa sita, bila kujua ni lipi. Kukasikika kikohozi. "Amaizi," ikasema sauti, "maji," halafu mlango, halafu miguu ya mtoto inayokimbia, na Bibi Mwalimu, mzima, karibu kabisa, akasema, "Weh, Koku! Njoo hapa. Umekula?"

Koku aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Tangu tuzike, kila aliyemuuliza hivyo alimjibu ameshiba, na tulimwamini kwa sababu ndivyo watu wanavyojibu. Alikaa akiitazama laptopu. Programu ya Bibi Mwalimu inajua kungoja, lakini hii haikuwa programu, ilikuwa ni kipande tu cha sauti, na kilikuwa kimekwisha. Alijibu hata hivyo.

"Bado, Bibi," akasema. "Bado."

Nikainuka nikaenda jikoni kumletea chakula.